Usimwambie Fabien

Jeneza la Maman Chantal lilifika nyumbani saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, na kabla wanaume hawajalitua sebuleni, simu ya Aurore ilitetemeka ndani ya mfuko wa koti lake. Hakuhitaji kuitazama ili ajue ni nani. Ni mtu mmoja tu aliyempigia kwa WeChat, na mtu huyo alikuwa Hangzhou, huko China, katika siku yake ya kwanza ya kutembea na kupumzika baada ya miezi mitatu ya kuandika kitabu chake cha mwisho cha masomo. Jina lake Fabien. Alikuwa mchumba wake Aurore. Na jeneza lile lilikuwa la mama yake mzazi.

Fabien alikuwa hajui.

Maman Chantal alikata roho Jumatano asubuhi. Jioni ya siku hiyohiyo, Tonton Anaclet, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Fabien, aliita jamaa wote sebuleni, akafunga mlango, akasema akiwa amesimama:

"Musikilize vizuri. Mardi, Jumanne hii, mutoto anafanya soutenance, anatetea kitabu yake mbele ya walimu. Miaka tatu amevumilia kule, baridi, luga ya watu, chakula ya kushangaza. Akijua leo, ataacha kila kitu, na hakuna avion ya kumufikisha hapa mbele ya mazishi. Atapoteza mama na atapoteza diplôme. Mimi sitaki vitu mbili vipotee kwa siku moja. Hakuna mutu wa kumuambia mpaka mardi jioni." Kisha akamgeukia Aurore. "Sisi wengine hatuna njia ya kumupata. WhatsApp kule haifunguki. Mulango ni wewe. Umesikia?"

"Tonton, Fabien hatanisamehe."

"Atakusamehe. Ukisema, ni sisi hatutakusamehe." Aliinamisha kichwa, akamtazama juu ya miwani yake. "Na usisahau, bado hatujafika kwenu Luvungi. Kama unataka siku moja tupige hodi kwa wazazi wako, anza kujifunza kutii."

Aurore aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya Ibanda, hapa Bukavu, msichana wa bonde la Ruzizi, na jamaa ya Fabien haikumtaka tangu mwanzo. Walitaka binti wa huku milimani, wa watu wanaowajua. Hata Maman Chantal, mwaka wa kwanza, alikuwa akimpa ncha za vidole tu badala ya mkono. Kisha ugonjwa wa figo ukamlaza yule mama, na kila siku, kengele ya shule ikishalia, Aurore alipanda kilima na thermos ya uji mkononi. Mapenzi kati ya wanawake wale wawili hayakuanza kwa maneno. Yalianza kwa kijiko. Na sasa mtu pekee aliyekuwa upande wake katika nyumba ile alikuwa amelala ndani ya sanduku la mbao.

Simu ilitetemeka tena.

Akapenya katikati ya akina mama waliokuwa wakipanga viti, akapita jikoni, akatokea nyuma ya nyumba, pale ambapo uwanja unakatika na mteremko unashuka mpaka ziwani. Akavua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakikalia. Akajipangusa uso kwa kiganja. Akatabasamu kwanza peke yake, kama mtu anayejaribu kiatu cha kuazima, ndipo akapokea.

"Chérie! Usiseme kitu. Angalia kwanza!"

Fabien akageuza simu. Aurore akaona maji yametulia, rangi ya kijivu iliyoingia kijani, na miti iliyoinamisha matawi mpaka yakagusa maji. Daraja la mawe. Majani mapana ya mayungiyungi. Watu wengi wenye miavuli ya jua wakipita taratibu, na kwa mbali vilima vimepangana, kimoja nyuma ya kingine, vya mwisho vikiwa vimefifia.

"Sema ukweli, haiko kama Kivu?"

"Ni ndogo."

"Ni ndogo sana! Hii unaizunguka kwa miguu siku moja unarudi nyumbani. Nimewaambia wenzangu, kwetu ukitaka kuzunguka ziwa, uage kwanza jamaa yako." Alicheka kile kicheko chake cha kupasuka ghafla. Uso wake ukarudi kwenye kioo, umeungua kidogo na jua, macho yanang'aa. "Tumepanda mashua. Kule katikati kuna vinara vitatu vya mawe vimesimama majini, hata kwenye noti yao ya yuan moja viko. Nimekuwa kama mutoto, Aurore. Nimesahau mambo ya soutenance. Na angalia hii."

Aliinua kitambaa cha hariri, rangi ya bluu iliyokolea.

"Ya Maman. Atajifunga siku ya mariage yetu. Nipatie yeye nimuonyeshe."

Aurore alitupia jicho dirisha la jikoni nyuma yake.

"Analala," alisema.

"Saa mbili hii? Maman? Yeye njo anaamushaga jogoo!"

"Ni dawa. Docteur amebadilisha dawa, zinamulalisha."

Ndani ya nyumba mfuniko wa jeneza ulifunguliwa. Dada yake Maman Chantal, aliyekuwa amesafiri kutoka Lwiro tangu alfajiri, akamwona marehemu kwa mara ya kwanza, na kilio chake kikatoka kupitia dirisha la jikoni, kirefu, kikapasua uwanja mzima. Wengine wakakidaka.

Fabien akakunja uso. "Hiyo ni nini?"

"Majirani." Alisikia sauti yake mwenyewe kama sauti ya mtu mwingine. "Wana arusi. Wanamusindikiza bibi-arusi."

"Wanalia hivyo?"

"Unajua wamama. Binti anaenda mbali."

Fabien alimtazama. Macho yake yalipita polepole usoni pa Aurore, kwenye mashavu, kwenye midomo, kama alivyokuwa akimtazama zamani walipokuwa wanaagana kwenye kona ya barabara na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.

"Umekonda," alisema. "Kuna kitu?"

"Nasahihisha mitihani. Nimechoka tu."

"Nakupenda. Unajua?"

"Na mimi nakupenda."

Katika yote aliyosema asubuhi ile, hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

"Sikia basi. Saa kumi na moja ya huku, saa tano yenu, nitakuwa juu ya ule mnara." Alionyesha kwa kidole mnara uliosimama kilimani, mapaa yake yamepandana. "Kutoka kule unaona ziwa yote kwa mara moja. Nataka Maman aone. Saa tano umuamushe, hata akikasirika. Uniahidi."

"Fabien…"

"Uniahidi."

"Nakuahidi."

Alipoinua macho kutoka kwenye simu, Tonton Anaclet alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Tai yake ilikuwa imekwenda upande, na viatu vyake vina udongo mwekundu, kwa maana alikuwa amekwenda yeye mwenyewe tangu alfajiri kuhakikisha kaburi limechimbwa vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuumiza Aurore zaidi.

"Umefanya vizuri," alisema.

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Aurore kama sifa ile.

"Sasa uzime simu mpaka jioni."

"Nimemuahidi saa tano, Tonton."

"Saa tano tutakuwa makaburini."

"Najua."

"Basi uzime."

Aurore aliingia ndani. Laurette, mdogo wake Fabien, alikuwa ameketi sakafuni karibu na kichwa cha mama yake. Alimvuta Aurore kwa mkono, akamnong'oneza kama kwa dada yake mkubwa:

"Yaya, amepiga? Umemuambia nini?"

"Nimemuambia ni arusi."

Laurette aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akayumba kidogo mbele na nyuma.

Misa ilianza saa tatu. Padiri alihubiri juu ya mwanamke hodari, lakini Aurore hakusikia. Alikuwa anawaza siku aliyokutana na Fabien. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, na kijana mmoja mwenye koti jeupe la maabara alikuwa pale akipima maji ya ziwa kwenye vichupa. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ziwa lina mwisho kule chini. Yule kijana alijibu kwa nusu saa nzima, na muda wote huo hakumtazama mwanafunzi, alimtazama mwalimu.

Ni hukohuko Lwiro, miezi michache baadaye, Fabien alipomweleza Aurore habari za kifo cha baba yake. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko internat, shule ya bweni. Baba alikufa mwezi wa tatu. Jamaa wakakubaliana wamfiche mpaka mitihani iishe. Akarudi likizo mwezi wa saba, na zawadi aliyomtengenezea baba yake kwa mikono, akapelekwa moja kwa moja kwenye kaburi lililokwisha kuota majani. "Tangu siku ile," Fabien alimwambia, "mutu akinichekea sana, najiuliza anaficha nini. Wewe usinifanyie vile hata siku moja. Uniletee mabaya, lakini uniletee ukweli."

Na Jumapili iliyopita, siku tatu kabla ya kufa, Maman Chantal mwenyewe alimshika Aurore kifundo cha mkono, akasema kwa sauti iliyokwisha kukauka: "Wakati papa yake alikufa, Anaclet aliniuliza kama tumufiche mutoto. Mimi njo nilisema ndiyo. Hajawahi kuniambia neno, lakini hakunitazama tena sawa na zamani. Mimi nikienda, wasimufiche. Umesikia? Wewe wasikuogopeshe."

Naye wakamwogopesha. Jumatano alinyamaza. Alhamisi alisema uongo mmoja, na uongo haukai peke yake. Ijumaa ulitaka mwenzake. Siku zote tatu hakuwa amelia hata chozi moja, kwa maana macho mekundu yangeonekana kwenye video.

Makaburini jua lilikuwa kali. Vumbi lilipanda kila gari lilipofika. Wanaume wakapitisha kamba chini ya jeneza, padiri akafungua kitabu, na simu ya Aurore ikaanza kutetemeka. Hakuwa ameizima. Alikuwa amejiambia ameisahau, lakini moyoni alijua.

Ikanyamaza. Ikaanza tena. Ikanyamaza.

Akilini alimwona Fabien kule juu mnarani, simu mkononi, anangoja mama yake aamshwe. Angepiga mara ngapi? Angepiga mpaka jua la huko lizame. Kisha siku moja angehesabu saa, angejua kwamba wakati ule hasa, saa ileile, walikuwa wanamshusha mama yake ardhini, na Aurore alikuwa amesimama pale akiisikia simu ikimtetemeka kwenye paja.

Ilipoanza mara ya tatu, akapiga moyo konde, akaitoa, akapokea.

"Mbona hupokei? Niko juu! Angalia vile ziwa iko…" Fabien akakoma. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Aurore, uko wapi?"

Nyuma ya kichwa cha Aurore kulikuwa na mbingu tupu, misalaba, na safu ya wanawake wenye vitambaa vyeusi. Safari hii hakuvua chake.

"Fabien, toka pale ukingoni. Tafuta mahali uketi."

"Maman iko wapi?"

"Keti kwanza, nakuomba."

"Nakuuliza Maman iko wapi!"

"Iko hapa," Aurore alisema. "Tunamuzika."

Fabien hakupiga kelele. Uso wake ulibaki vilevile, kana kwamba maneno yalikuwa bado yako njiani. Nyuma yake mtalii mmoja alimfanyia ishara kwa mkono, akimwomba asogee kidogo apige picha, na Fabien akasogea. Akainama hata kuomba radhi. Kisha akauegemea ukuta na kushuka polepole mpaka sakafuni.

"Nionyeshe," alisema.

Aurore akageuza simu.

"Wewe binti!" Tonton Anaclet alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, mkono umenyooka. "Lete hiyo simu! Nimekuambia nini mimi?"

Laurette akajitupa mbele yake. Msichana ambaye hakuwahi kumjibu baba yake mkubwa tangu azaliwe, alisimama mikono ameitanda. "Tonton, acha! Ni mama yake! Mara ya kwanza mulimuficha kifo ya papa. Muache amuone Maman!"

Watu wakageuka. Padiri akafunga kitabu juu ya kidole chake. "Muzee Anaclet," alisema kwa upole, "mutoto ameisha kujua. Muache amuage."

Anaclet akashusha mkono. Akaonekana mzee ghafla.

Aurore alipiga magoti ukingoni mwa kaburi, akanyoosha mikono miwili na simu ndani yake, juu ya jeneza. Wanaume wa kamba wakangoja. Kutoka kwenye kile kioo kidogo sauti ya Fabien ikatoka nyembamba, na kila mtu aliyekuwa karibu aliisikia.

"Maman. Ni mimi, Fabien. Sikujua, Maman. Nilikuwa ninatembea. Nilikuwa ndani ya mashua, ninacheka, na wewe uko hivi." Akavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. "Ulisema nisirudi mbele ya kumaliza. Ningerudi, Maman. Ungeniita ningerudi."

Kamba zikalegezwa. Jeneza likashuka. Aurore alilifuata kwa simu mpaka udongo wa kwanza ukaanguka, na wa pili, na hakuna tena kilichoonekana ila udongo. Ndipo akageuza simu ili watazamane.

"Alikufa lini?" Fabien aliuliza.

"Jumatano. Saa nne ya asubuhi."

Alimwona akihesabu.

"Alhamisi uliniambia amekula uji, kikombe muzima."

"Ndiyo."

"Jana uliniambia ananisalimia."

"Ndiyo."

"Leo asubuhi, wale wamama walikuwa wanalia…"

"Walikuwa wanamulilia yeye."

"Na wewe ulinichekea." Hakuwa amepandisha sauti. "Nilikueleza kitu moja tu katika maisha yangu, Aurore. Moja tu. Nilikueleza wewe, juu nilijua wote wanaweza kunifanyia tena, lakini wewe hapana."

"Walisema soutenance…"

"Najua walisema nini. Walisema vile hata ile siku ingine." Alifuta uso kwa kile kitambaa cha hariri bila kujua ameshika nini. "Usinipigie. Usiniandikie. Nikikuona sasa, ninaona ile cheko ya asubuhi."

Kioo kikawa cheusi.

Aurore alibaki amepiga magoti. Watu walianza kuondoka, wengine wakimtazama kwa huruma, wengine wakimzunguka kwa mbali kama kitu kilichomwagika njiani. Tonton Anaclet akaja akasimama juu yake. Hakufoka.

"Umechagua," alisema. "Sasa usirudi kwangu kunawa udongo ya kaburi pamoja na jamaa. Na Luvungi hatutafika."

Jumapili alfajiri alishuka kwenye bonde, kwa mama yake. Mama yake, Bintu, alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkulima, mikono migumu. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho huku akichambua maharage, kisha akasema: "Ungenyamaza, wangesema ulinyamaza. Umesema, wanasema umesema. Njoo ukule." Na alipomwekea sahani, Aurore akaona vidole vyake mwenyewe vina udongo wa kaburi kwenye kucha, akaanza kulia. Alilia siku ile, na siku ya pili, mpaka sauti ikamkauka.

Jumanne jioni Laurette alimpigia.

"Yaya, ameshindwa," alisema. "Alivaa costume na tai, alienda. Walimu wameketi, wenzake wameketi. Ameanza sentensi ya kwanza mara tatu, haimalizi. Wamemuahirishia mpaka mwezi wa tisa. Tonton anasema kwa watu wote kama ni wewe umemuharibia."

Aurore aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kwa hiyo Tonton alikuwa amesema kweli. Alikuwa amesema kweli juu ya soutenance, na Maman Chantal alikuwa amesema kweli juu ya mtoto wake, na yeye Aurore alikuwa amewatii wote wawili nusunusu, akawakosea wote wawili kabisa.

"Na yeye Fabien anasema nini?" aliuliza.

"Anauliza tu habari ya Maman. Na mimi nimeweka WeChat, kila siku anauliza. Mimi sijui nimujibu nini. Ile saa ya mwisho nilikuwa nimeenda kutafuta chai."

Aurore hakumpigia Fabien. Alikuwa ameambiwa asimpigie, na safari hii alitaka kutii neno moja mpaka mwisho. Alirudi Bukavu, akafundisha, akasahihisha daftari, akapita njia nyingine ili asipite mbele ya nyumba ile. Wenzake shuleni walimpa pole kwa sauti ya chini, bila kujua wanampa pole ya nini hasa.

Jumapili ya pili, alipokuwa anatoka misani, simu ikatetemeka. Alitoka nje ya kundi la watu, akasimama kando ya ukuta wa kanisa. Kioo hakikuwa na uso. Fabien alikuwa amepiga kwa sauti tu.

"Sikupigii juu yetu," alisema.

"Sawa."

"Wewe ulikuwa naye?"

"Mimi peke yangu. Siku ile sikuenda kufundisha."

"Nieleze. Ile Jumatano. Toka asubuhi. Usiache kitu."

Aurore alianza na mvua, kwa sababu siku ile iliamka na mvua ya mwisho ya msimu, na Maman Chantal alitaka dirisha lifunguliwe asikie. Alieleza kwamba alikataa uji. Kwamba muuguzi alikuja mara mbili, na mara ya pili hakusema kitu, akakunja tu shuka vizuri. Alieleza kwamba miguu yake ilikuwa baridi na aliipasha kwa mikono. Kwamba saa tatu na nusu alianza kuongea Mashi, lugha ambayo Aurore hakuijua vizuri, lakini alijua maneno machache.

"Alinitaja?" Fabien aliuliza.

Aurore alifumba macho. Neno moja tu. Ndiyo. Lingempa usingizi leo na miaka yote ijayo. Pengine lingemfungulia na yeye mlango ambao alikuwa amefungiwa. Hakukuwa na shahidi mwingine chumbani, na marehemu hasemi.

"Hapana," alisema. "Hakukutaja. Ile saa hakujua tena mutu. Aliita mama yake. Mara mbili. Kisha akanyamaza."

Watu walikuwa wanapita, wanasalimiana, mtu mmoja akimwita mwenzake kwa sauti kubwa toka upande wa pili wa barabara. Aurore aliibana simu sikioni, akifikiri amekata.

"Tonton Anaclet aliniambia alikufa ananiita," Fabien alisema mwishowe. "Aliniambia alinibariki kwa jina. Watu wote pale nyumbani wananiambia vile." Sauti yake ilipasuka katikati, akaikusanya tena. "Nilijua kama ni uongo. Ungeniambia na wewe hivyo, ningekata, na hii njo ingekuwa mara ya mwisho."

Machozi yalikuwa yanamshuka Aurore, na aliyaacha.

"Mimi sijui kama ninaweza kurudi kwako, Aurore. Sitaki kukuongopea na mimi."

"Najua."

"Usiku ninaamka na hasira, ninakuchukia. Asubuhi ninataka kukupigia. Sijui ni gani itabaki."

"Najua, Fabien."

"Kesho nitapiga," alisema. "Saa kama hii. Utanieleza Alhamisi na Ijumaa. Zile za kweli. Nani alimuvalisha, nani alilala kwenye matanga, waliimba nini. Zote."

"Nitakueleza."

Aurore alingoja aongeze neno, lolote, hata jina lake tu. Fabien alikohoa kidogo, na simu ikakatika.